LED haiwaki: jinsi ya kupima saketi yake na kulipata kosa kwa multimita

LED isipowaka, mtu wa kwanza kulaumiwa ni LED yenyewe. Inang'olewa, inawekwa nyingine. Ikigoma, rezista inabadilishwa, kisha betri, kisha nyaya zote zinafumuliwa na kuungwa upya. Mwishowe taa inawaka, na aliyeitengeneza hajui ilikuwa na nini. Siku atakapokutana na saketi ya vipande arobaini, njia hiyo haitamsaidia. Hapa tunafanya kinyume chake: saketi inaachwa ilivyo, umeme unabaki umewashwa, na tunaihoji kwa voltimita nukta moja baada ya nyingine. Lakini namba kwenye skrini haina maana kwa mtu ambaye hakujua aitarajie namba gani. Kwa hiyo hesabu inatangulia, kupima kunafuata.

Saketi yetu ni ile ya mwanzo kabisa: betri ya volti 9, swichi, rezista ya omu 470 na LED nyekundu ya milimita 5, vyote vikifuatana katika mzunguko mmoja kwenye bredibodi, ile bodi ya matundu ya kuungia vipande bila kulehemu. Kifaa cha lazima ni multimita ya dijitali, mita moja inayopima volti, omu na ampea. Ile ndogo ya bei nafuu, ya aina ya DT-830, inayouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha kwa kazi hii. Ila isitumike kupima umeme wa ukutani, hata kama kisahani chake kimeandikwa volti 600. Fyuzi na nyaya zake si za kuaminiwa huko.

Hesabu kwanza

LED haifuati sheria ya Ohm (mkondo ni volti kugawanywa kwa omu) kama rezista inavyoifuata. Ukiipa volti 1 hakuna mkondo wa maana unaopita. Ukikaribia volti 1.6 au 1.7, LED nyekundu inaanza kupitisha umeme, na kuanzia hapo mkondo unapanda kwa kasi kubwa huku volteji ikibaki karibu palepale. Ndiyo sababu haiungwi moja kwa moja kwenye betri ya volti 9: hakuna kitu ndani yake cha kuuzuia mkondo, inaungua mara moja. Rezista ndiyo inayoamua mkondo uwe kiasi gani.

LED nyekundu ikiwa inawaka vizuri hukaa kati ya volti 1.8 na 2.2. Ya njano haiko mbali na hapo. Za bluu na nyeupe zinahitaji kati ya 2.8 na 3.4. Kijani inategemea imetengenezwaje: ile ya zamani yenye mwanga wa kufifia unaoelekea njano iko karibu na 2.1, ile ya kisasa inayong'aa sana iko karibu na 3. Tofauti hii inatokana na nuru yenyewe. Nuru ya bluu hubeba nishati kubwa kuliko nyekundu, kwa hiyo kila elektroni lazima isukumwe kwa volteji kubwa zaidi, na semikondakta iwe ya aina nyingine. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu mwaka 1962 katika kampuni ya General Electric. Bluu yenye mwanga mkali ikasubiri mpaka miaka ya 1990, na wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Turudi kwenye saketi. Betri inatoa volti 9, LED inachukua 2, zinabaki 7 kwa ajili ya rezista. Gawanya 7 kwa 470, unapata ampea 0.0149, yaani karibu miliampea 15. LED nyingi za milimita 5 zinavumilia miliampea 20 mfululizo, kwa hiyo tuko salama. Joto la rezista ni 7 mara 0.015, yaani kama wati 0.1, na rezista ya kawaida ya robo wati inalimudu bila shida. Andika namba hizi kwenye karatasi iliyo kando yako: 9, 7, 2, na miliampea 15.

Ikague mita yenyewe

Mita mbovu inaweza kukupotezea siku nzima. Waya mweusi uingie tundu la COM, mwekundu uingie lile lenye alama za V, Ω na mA. Zungusha kitufe cha katikati mpaka omu 200 kisha gusanisha ncha mbili za probu, yaani vijiti vya chuma vilivyo mwishoni mwa nyaya hizo. Usomeke ukinzani mdogo, kama omu 0.3 hadi 1, ambao ni wa nyaya zenyewe. Ikibaki tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto, au herufi OL kwa mita nyingine, maana yake mita haioni njia yoyote ya umeme: waya umekatika ndani. Ukunjekunje taratibu pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye mpini, maana hapo ndipo hukatikia huku ganda la plastiki likionekana zima.

Angalia pia alama ya betri kwenye skrini. Betri ya ndani ya mita ikichoka, mita nyingi za bei nafuu husoma namba kubwa kuliko ukweli. Mtu anapima betri ya volti 9, anaona 11, anafurahi. Pima betri mpya ya kurunzi: ikisoma kati ya 1.5 na 1.6, mita yako inasema kweli.

Vipande kabla ya kuviunga

Rezista ya omu 470 ina mistari ya manjano, zambarau, kahawia, na dhahabu mwishoni. Dhahabu inaruhusu tofauti ya asilimia 5, kwa hiyo namba yoyote kati ya 447 na 493 ni nzuri. Ipime ikiwa haijaungwa popote, kwenye kipimo cha omu 2000. Usipite hatua hii kwa sababu umesoma rangi. Chini ya taa ya njano, mstari wa kahawia, wa nyekundu na wa machungwa hufanana sana, na kwa mstari huo wa tatu kosa ni la mara kumi au mara mia: nyekundu ni omu 4,700, machungwa ni 47,000. Ukisoma nyeusi mahali pa kahawia, umeshika omu 47.

LED ina mguu mrefu na mfupi. Mrefu ni anodi, unaelekea chanya. Miguu ikiwa imeshakatwa, tafuta ukingo uliobapa kwenye ukosi wa plastiki: upande huo ni kathodi, hasi. Kisha weka mita kwenye alama ya dayodi (mshale wenye mstari mbele yake), probu nyekundu kwenye anodi, nyeusi kwenye kathodi. LED nyekundu nzima itakupa namba kama 1700 au 1800, ambazo ni milivolti, na ukiikinga na mwanga utaiona ikiwaka kwa mbali. Geuza probu: mita isione kitu. Ikiona namba pande zote mbili, au sifuri, LED imepiga shoti ndani.

LED ya bluu au nyeupe huwaponza wengi hapa. Mita nyingi katika kipimo cha dayodi hazitoi volti za kutosha kuiwasha, kwa hiyo husoma 1 au OL hata kama LED ni nzima. Usiitupe. Ijaribu kwa betri na rezista ya omu 470.

Kuhusu bredibodi, kumbuka mambo mawili. Matundu matano ya mstari mmoja mfupi ni kitu kimoja kwa umeme, na pengo la katikati linatenganisha pande mbili. Kwa hiyo miguu yote miwili ya LED ikiwa katika mstari mmoja wa matundu matano, LED imerukwa na umeme na haitawaka kamwe. La pili ni reli ndefu za pembeni: kwenye bodi nyingi kubwa, reli hukatika katikati, na rangi iliyochorwa pembeni huacha nafasi ndogo hapo. Mita ikiwekwa kwenye kipimo cha mlio, ambacho hulia njia ya umeme ikiwa nzima, itakujibu kwa sekunde moja kama reli yako ni moja au mbili.

Kuihoji saketi ikiwa na umeme

Hii ndiyo kazi yenyewe. Washa swichi. Weka mita kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu (DC). Probu nyeusi ishikize kwenye hasi ya betri na usiiondoe hapo. Probu nyekundu ndiyo inayotembea, kutoka chanya ya betri, kufuata njia ya mkondo mpaka kurudi hasi. Tupe nukta majina:

A ni chanya ya betri.
B ni upande wa swichi unaokwenda kwenye rezista.
C ni mahali rezista inapokutana na anodi ya LED.
D ni kathodi ya LED.

Saketi nzima inasoma 9 kwenye A, 9 kwenye B, karibu 2 kwenye C, na 0 kwenye D. Sasa tembea, na usimame pale namba ya kwanza inapokataa kufanana na uliyoandika.

A ikiwa chini, tuseme 6 au 7, tatizo ni betri au vibanio vyake. Tahadhari kwa betri za volti 9 za bei rahisi: ikiwa haina mzigo inaweza kusoma 8.8 ikaonekana nzima, ikipewa kazi inaporomoka. Saketi yako ikiwa imekatika mahali, betri haina mzigo na itakudanganya. Ipe mzigo wewe mwenyewe: gusisha rezista ya omu 470 moja kwa moja kwenye ncha zake mbili, hiyo ni kama miliampea 19, na utazame volti ukiwa umeishikilia kwa sekunde chache. Ikishuka sana, imekwisha.

A ni 9 na B ni 0: umeme haujavuka swichi. Ama swichi ni mbovu, ama waya wake haujafika chini ya tundu. Vile vitufe vidogo vya miguu minne vina kosa la kinyume: miguu inayounganishwa kwa ndani ni wawiliwawili, na ukitumia miwili ambayo siku zote imeungana, swichi inakuwa imewashwa daima.

B ni 9, C pia ni 9, D ni 0: hakuna mkondo unaopita. Rezista haipotezi volti hata moja kwa sababu hakuna kinachopita ndani yake, na volti zote 9 zimesimama juu ya LED. Ama LED imeungua na kukatika, ama imewekwa kinyume, ama mguu wake mmoja hauugusi mstari wa bodi. Izime saketi, igeuze LED, uwashe tena. Usiiache kinyume kwa muda mrefu, kwani LED nyingi zimeandikiwa kikomo cha volti 5 tu za kinyume, nawe umeipa 9.

B ni 9, C ni 0. Hapa makosa mawili yanatoa namba ileile. Huenda rezista imekatika na umeme haufiki C. Huenda pia LED imepiga shoti, au miguu yake iko mstari mmoja, na C imeungana na hasi moja kwa moja. Kuyatenganisha ni rahisi: chomoa mguu wa anodi wa LED, acha probu palepale C. Namba ikiruka mpaka 9, rezista ni nzima na shoti ilikuwa upande wa LED. Ikibaki 0, rezista au waya wake ndio uliokatika.

Kuna namba moja huwachanganya hata wazoefu. A, B na C zote ni 9, na D inasoma 7 na ushei badala ya 0, huku LED ikiwa giza. Njia imekatika baada ya D, yaani waya wa kurudi hasi. Mbona kuna volti? Kwa sababu mita yenyewe imekuwa waya wa kurudi. Mita ndogo ina ukinzani wa ndani wa karibu omu milioni moja. Mkondo mdogo mno, wa maikroampea chache, unapita kwenye LED, unaingia probu nyekundu na kurudi betri kupitia mita. Kwa mkondo huo hafifu LED inakula kama volti 1.5, na zinazobaki zinaonekana kwenye skrini. Ukiiona namba hiyo, acha kuhangaika na LED. Fuata waya wa hasi.

Mkondo, bila kukata waya

Watu wengi huharakia ampea, na hapo ndipo fyuzi za mita huungua. Katika saketi hii huhitaji kuukata mzunguko. Pima volti za rezista kwa probu moja kila upande, ugawanye kwa ukinzani ulioupima mwanzoni, si ule wa rangi. Volti 6.95 kwa omu 466 ni miliampea 14.9. Kipimo hiki ni salama na hakiibadilishi saketi.

Ukitaka kutumia ampea mita hata hivyo, zima umeme, ng'oa waya mmoja, mita iingie mahali pake ili mkondo upite ndani yake, anza na kipimo cha miliampea 200, kisha washa. Usiiweke kamwe mita sambamba na betri ikiwa kwenye ampea, kwa sababu hapo ni waya mtupu. Fyuzi ikikuokoa, shukuru. Kwenye tundu la ampea 10 la mita nyingi za bei nafuu hakuna fyuzi ya kukuokoa. Na fyuzi ikishaungua, mita nyingi huendelea kupima volti vizuri kabisa huku upande wa ampea ukiwa umekufa. Mtu anayesoma 0.00 ya ampea akatangaza kwamba saketi ina kosa, aanze kukagua fyuzi yake. Ukimaliza, rudisha kitufe kwenye volti kabla ya kuiweka mita chini.

Inawaka, lakini vibaya

Mwanga hafifu una sababu tatu za kawaida, na C itakusaidia. Ikiwa A ni 9 na C ni 1.7 hivi, LED ni nzima ila mkondo ni mdogo: rezista ni kubwa mno. Kwa omu 4,700 unapata miliampea 1.5 tu. Ikiwa A yenyewe imeshuka, ni betri. Na ikiwa A ni nzuri ila B imepungua kwa nusu volti au zaidi, kuna muungano mbaya kati ya A na B.

Muungano mbaya ndio ugonjwa wa bredibodi za zamani, na una kipimo chake ambacho hakifundishwi vya kutosha. Saketi ikiwa inawaka, weka probu moja upande huu wa muungano na nyingine upande wa pili: kwa mfano, moja kwenye mguu wa rezista na nyingine kwenye waya unaoshiriki mstari uleule. Kwa kuwa ni kitu kimoja, unatakiwa usome milivolti chache, karibu na sifuri. Ukisoma milivolti mia kadhaa, umeupata ukinzani uliojificha: kutu, chemchemi ya tundu iliyolegea, au waya mwembamba kupita kiasi. Taa inayowaka na kuzimika ukiigusa meza inatibiwa hivihivi. Acha mita hapo, tikisa waya mmojammoja kwa kijiti kikavu, na tazama ni upi unaoirusha namba.

LED iliyowaka kwa ukali mno kisha ikafa, au iliyobadilika rangi kuelekea machungwa, imepewa mkondo wa kupindukia. Kwa omu 47 ni karibu miliampea 150, mara saba ya kikomo chake. Usiweke nyingine kabla hujaipima rezista.

Ukiwa na vifaa vya maabara

Pawa saplai ya mezani ni mlinzi bora kuliko betri. Kabla ya kuunga chochote, weka volti 9, kisha weka kikomo cha mkondo kwenye miliampea 30. Ukiwasha na taa ya kikomo cha mkondo ikawaka huku volti zikianguka, kuna shoti, na hakuna kilichoungua. Oskiloskopu, kifaa kinachochora kwenye skrini jinsi volti zinavyobadilika, haihitajiki kwa mkondo mnyoofu. Inakuwa na kazi pale LED inapoendeshwa kwa mapigo, yaani kuwashwa na kuzimwa haraka haraka, maana hapo mita husoma wastani tu. Kumbuka kwamba kibanio chake cha chini kimeungwa na ardhi ya jengo. Pawa saplai yako ikiwa nayo hasi yake imeungwa na ardhi, kukibana popote pasipo hasi ni kupiga shoti.

LED mbili, rezista moja

Ukishaifahamu saketi ya LED moja, kosa linalofuata huja ukiongeza ya pili. Umeweka nyekundu na bluu sambamba, zote zikinywa kutoka rezista moja. Nyekundu inawaka, bluu ni giza. Ukibadilisha bluu, bado giza. Ukiipima nje, nzima. Pima C: ni volti 2. Nyekundu imeishikilia nukta hiyo kwenye 2, na bluu haiwezi kuanza chini ya 2.6 au hivyo. Hakuna kipande kibovu hata kimoja. Ng'oa nyekundu, na bluu itawaka papo hapo huku C ikipanda mpaka karibu 3. Dawa yake ni kuipa kila LED rezista yake: nyekundu ibaki na omu 470, na bluu, yenye volti 5.8 za kutolewa kwenye rezista, ipewe omu 390, ambayo nayo inaipa karibu miliampea 15.